Dam ya nyuma ya Kinanie: siku maji iligeuka rangi, na swali ambalo serikali yetu haikuwa na jibu

Wakuu, hamjambo. Niaje kwa vijana, habari kwa wazee.

Nimesoma uzi wa juzi humu, watu wakibishana kama serikali iko na haki ya kufunga dam ya mtu binafsi. Nikaona wengi wanacheka. Mimi sikucheka. Nitawaambia kilichonipata, na mahali sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki. Sitaongeza chumvi, kwa sababu hii story haihitaji.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Mkamba wa Machakos mjini, fundi wa survey. Sio engineer. Miaka ya tisini katikati nilipata kazi South Africa na kampuni ndogo iliyokuwa inakagua dam za wakulima. Kazi yangu ilikuwa kubeba mashine na kupima kama ukuta umesonga au umezama tangu mara ya mwisho. Bosi wangu alikuwa engineer mmoja mzee, mkali, asiyependa maneno mingi. Nitamwita Bosi.

Mwaka wa 1997 nikarudi nyumbani. Sababu ilikuwa moja tu: Mwende. Alikuwa mwalimu wa primary nyuma ya Kinanie, kwenye ile ardhi iliyokuwa ranch ya mzungu kabla ya wanachama wa cooperative kuinunua na kugawana. Tulikuwa tumeandikiana barua muda mrefu na sasa ilikuwa wakati wa wazee kuongea.

Siku ya kwanza kwenda kwao na wajomba wangu, nilivaa suti. Jua kali, vumbi. Tumekaa nje, soda imeletwa, wazee wanazunguka maneno kama kawaida ya wazee. Mimi nikainua macho.

Juu ya paa ya jikoni ya mama mkwe, kulikuwa na mstari mrefu, umenyooka kama umepigwa rula. Kijani. Kila kitu kingine kilikuwa kimekauka.

Nikamuuliza Mwende polepole, "Hiyo ni nini?"

"Silanga," akasema. Hivyo ndivyo Wakamba tunaita dam ya udongo. "Iko hapo tangu mzungu."

"Na hizo nyumba zote ziko chini yake?"

"Si ndio tuko karibu na maji," akasema, akishangaa swali gani hilo.

Soda ikanishinda.

Mzee Kioko, baba yake Mwende, alikuwa kwa kamati ya hiyo dam. Mtu mrefu, mpole, anapenda kutembea mbele yako mikono ikiwa nyuma. Aliposikia nimefanya kazi ya dam huko South, alifurahi sana. Akasema lazima anionyeshe.

Wakuu, wakati ule tunapanda, alikuwa anajivunia kila kitu, na mimi kila kitu nilichoonyeshwa kilikuwa kinaniongezea baridi mwilini.

Juu ya ukuta kulikuwa na miti imeota, mikubwa, mizizi imeshika udongo. Alisema inaleta kivuli kwa ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wamechimba njia katikati ya ukuta mpaka hapo palikuwa pamezama. Vichuguu vya mchwa viwili.

Pembeni ndiyo ilikuwa spillway, ile njia ya kutoa maji ikizidi ili isipite juu ya ukuta. Ilikuwa imepandwa sukuma wiki na kuzungushwa ua ya miiba. Shamba safi kabisa.

"Hapa maji haijawahi fika," akasema Mzee. "Tuliona ni hasara kuacha ardhi nzuri hivi."

Halafu tukashuka upande wa chini. Karibu na mahali bomba ya chuma aliyoipitisha mzungu ndani ya ukuta inatokea, nyasi ilikuwa laini, imejaa, na udongo unakubali mguu. Kulikuwa na kijito kidogo hivi cha maji safi. Safi kabisa, unaweza kunywa. Kuna mtu alikuwa ameweka kikopo hapo.

Bosi alinifundisha kitu kimoja kuhusu hiyo maji. Kila dam ya udongo inavuja kidogo. Maji ikitoka safi, unaitazama kila siku. Ikitoka na udongo, ujue inabeba ukuta kutoka ndani, na hapo huna muda.

Nikauliza, "Mzee, nani huja kukagua hii dam?"

Akacheka vizuri, bila ubaya. "Nani aikague? Sisi tunateka hapa kila siku."

Sasa wakuu, hapa nitoke kando kidogo, kwa sababu hii ndiyo inahusu ule ubishi wenu.

Huko South, dam ikishakuwa kubwa kiasi fulani, lazima iandikishwe serikalini, hata kama ni ya mkulima kwa shamba yake. Wanaangalia urefu wa ukuta, lakini pia wanaangalia nani anaishi chini. Kama ikipasuka itaua watu, inawekwa kwa daraja ya hatari na lazima engineer aliyekubaliwa na serikali aje aikague kila baada ya miaka kadhaa. Gharama ni ya mwenye dam. Akikataa, serikali inaweza kumwamuru ashushe maji.

Sisemi huko ni mbinguni. Kuna mkulima alitufungulia mbwa. Nilipanda juu ya pickup na mashine ya watu mkononi. Na siku hizo vijiji vya watu weusi vilivyokuwa chini ya dam za wazungu, mara nyingi havikuonekana hata kwa ramani. Lakini yule wa mbwa, Bosi aliandika ripoti, na tuliporudi geti ilikuwa wazi na mbwa wamefungwa. Mkulima hakuwa ametupenda. Alikuwa ameogopa sheria kuliko anavyotuchukia sisi.

Bosi ndiye alinieleza kuhusu Uingereza. Kule dam zilipasuka zikazika watu vitandani, ndipo Bunge ikaandika sheria kwamba si engineer yeyote tu anaweza kusema dam ni salama, ni wale wachache walioteuliwa. Uswisi nayo, watu wanaoishi chini ya dam kubwa wanajua mlio wa king'ora chake, na wanajua wakisikia wakimbilie wapi. Amerika kila jimbo lina mambo yake. Kuna majimbo makali na kuna mahali kulikuwa hakuna mtu kabisa, jirani mmoja analindwa na mwenzake ng'ambo ya mpaka halindwi.

Na sisi? Kwa vile nilivyoelewa wakati huo, sheria yetu ya maji ilitokana na ya mkoloni. Ilijali sana nani ameruhusiwa kuziba mto na kuchukua maji. Ukishapewa ruhusa na ukuta ukisimama, nani anarudi kuutazama, mzungu akishaenda zake? Hapo ndipo nilipotaka kujua.

Nikaanza kuzunguka maofisi Machakos.

Ofisi ya kwanza waliniambia dam za mashamba ni za upande wa kilimo. Wa kilimo wakasema wao wanashughulika na kuchimba mpya, hiyo ya zamani ni mali ya cooperative. Cooperative wakaniambia mwenye dam ni wanachama. Wanachama ni Mzee Kioko na wenzake, na wao wanasema dam ni ya mzungu, ati mzungu alijua kujenga.

Afisa mmoja alinihurumia. Alifunga mlango na kuniambia, "Kijana, mimi nakuamini. Lakini niko na gari moja, na hiyo gari iko juu ya mawe tangu mwaka jana. Hata nikienda, nitawaambia nini? Sina sheria ya kuwaambia wamwage maji. Watanipiga."

Hakuwa mtu mbaya. Hicho ndicho kilinitisha. Ningepata mtu mbaya ningejua wa kugombana naye.

Nikarudi kwa Mzee Kioko nikamwomba wafungue ile spillway. Aliweka mkono kwa bega yangu. Akasema, "Mwanangu, wewe unataka kuoa hapa. Usianze kwa kutuambia tumwage maji, na mvua hatujui itakuja lini."

Mvua ikaja. Wenye umri wangu mnaikumbuka El Niño, sina haja ya kuwaeleza. Barabara zikakatika, madaraja yakaenda.

Mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi Machakos mjini kwa hardware ya Mzee Salim. Familia yao wako hapo mjini tangu babu zao, Waislamu, watu wa biashara, anaongea Kikamba kunishinda. Alikuwa na lori la mchanga na kokoto ambalo aliliendesha mwenyewe kwa sababu hakuamini dereva yeyote.

Asubuhi moja niko kaunta, Mwende akaingia. Amelowa mpaka mwisho, matope mpaka magotini, viatu kwa mkono. Hakuna simu za mkono siku hizo kwa watu kama sisi. Alikuwa amekuja mwenyewe.

Hakunisalimia. Alisema, "Ile maji ya kikopo imegeuka rangi."

"Imekuwa aje?"

"Kama chai ya maziwa. Na imekuwa nyingi. Inatoka kama mtu amefungua mfereji."

Wakuu, nimewahi kuibiwa kwa bunduki huko Mlolongo, na niliogopa. Lakini hiyo siku masikio yaliziba. Nilimwona Mwende midomo inaenda na sikusikia kitu.

Mzee Salim ndiye alinisukuma. "Nenda posta upige simu kwa huyo mzungu wako. Mimi naleta lori."

Nilimpata Bosi. Laini ilikuwa mbaya, nikapiga kelele posta nzima ikanyamaza. Nikamweleza.

"Maji ni ya rangi gani?" akauliza.

"Matope."

Halafu akasema, "Pigia ofisi yenu ya usalama wa dam, sasa hivi. Wako na amri ya kuhamisha watu."

"Hatuna."

"Nani anakagua hiyo dam?"

"Hakuna mtu, Bosi."

Akaniuliza mara ya pili, kama kwamba ni laini ndiyo mbaya. Huyu ni mtu aliyeona dam nyingi mbovu na sikuwahi kumsikia akirudia swali.

Kisha akaongea haraka haraka. Toa watu kwanza, dam baadaye. Fungua spillway, uishushe kadiri unavyoweza, uondoe uzito wa maji. Mahali inapovujia usizibe na udongo, ukiziba itatafuta mahali pengine. Weka mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji itoke lakini udongo ubaki. Na mwisho akasema, "Mimi siwezi kuona kutoka hapa. Ukisikia ukuta unalia, kimbia. Usiangalie nyuma."

Lori ilikuwa tayari imepakiwa mchanga na kokoto. Sijui Mzee Salim alijuaje. Tulikaa watatu mbele, na njia yote yeye alikuwa anasoma dua chini ya pumzi, akinyamaza tu mahali gurudumu zinateleza.

Tulipofika, mto wa chini ya dam ulikuwa mwekundu na watoto walikuwa shuleni, darasani, chini ya ule mstari wa kijani.

Chifu msaidizi alikuwa hapo na mwavuli. Nikamwambia ahamishe watu. Akasema hawezi bila amri ya DO, mkubwa wake wa tarafa, na DO hapatikani, barabara imekatika. "Nikitoa watu na dam isipasuke, nitaulizwa nani alinituma."

Mwende hakungoja hayo mazungumzo yaishe. Alienda akapiga kengele ya shule. Akawapanga watoto mstari, wakubwa wameshika wadogo, akawapeleka kwa kilima nyuma ya kanisa. Headmaster alikuwa anamfuata akiuliza nani amempa ruhusa. Alipofika juu na kuangalia chini, naambiwa hakuuliza tena.

Mimi nikakimbia boma kwa boma. Wengine walitoka haraka, wengine walitaka kubeba magodoro. Nikafika kwa mama mkwe.

Sasa wasiokuwa Wakamba, muelewe. Kuna heshima tunaita nthoni. Mkwe hamkaribii mama mkwe ovyo. Haingii jikoni yake, hamtazami usoni, na mimi mahari ilikuwa bado inaongelewa. Nikasimama nje kwa mvua nikamwita. Akajibu kutoka ndani kwamba amesikia, lakini mzee wake yuko huko juu kwa ukuta, na yeye hawezi kutoka akamwacha.

Nikaita tena. Hakutoka.

Niliingia. Niliinama mlango wa jikoni nikaingia na gumboot, nikamsimamia mbele, nikamwangalia machoni.

"Mwaitu," nikamwambia, mama yangu, "nisamehe. Nitatoa mbuzi ya hii makosa. Lakini toka."

Alinitazama. Nafikiri aliona uso wangu. Alimwaga maji ya sufuria kwa moto, moshi ukajaa, akachukua leso akajifunika kichwa na kupita mbele yangu kwenda kilimani. Hakubeba hata kijiko.

Nikapanda kwa ukuta.

Wanaume walikuwa wengi huko, na Mzee Kioko katikati. Maji ilikuwa imejaa mpaka pale ng'ombe walipochimba njia, ikigonga gonga ukingo na upepo. Upande wa chini, ile chai ya maziwa ilikuwa inaruka.

Nikasema tuvunje ua ya sukuma na tuchimbe spillway chini zaidi. Ugomvi ukaanza. Mmoja akasema hii maji ndiyo maisha ya watoto wetu. Mwingine akasema nimetumwa. Na wakuu, hawakuwa wajinga. Mahali petu maji ikienda imeenda.

Mzee Kioko alishuka peke yake mpaka pale chini, akakinga mkono kwa ile maji, akapanda tena kiganja kikiwa wazi. Kilikuwa kimejaa changarawe na udongo mwekundu.

"Huu ni ukuta wetu," akawaonyesha. "Niko nao hapa mkononi."

Akachukua jembe na kuanza na sukuma yake mwenyewe. Kumbe ile shamba ilikuwa yake.

Basi tukachimba. Wengine spillway, wengine na Mzee Salim wakishusha mchanga na kokoto na magunia pale chini. Mimi nilikuwa napanda na kushuka kati ya hao wawili, na kila nikiwa chini nilikuwa nasikiliza ukuta. Sijui mnajua kuogopa sauti ambayo hujawahi kuisikia.

Maji ikapata njia ya spillway. Kwanza kidogo, halafu ikajichimbia yenyewe, ikanguruma, ikabeba miiba, sukuma na jembe la mtu. Ikakata barabara, ikalala kwa mashamba ya mahindi ya chini.

Halafu nikasikia. Si kishindo. Ni kama mtu mnene anaketi kwa kiti cha zamani.

Kipande cha mgongo wa ukuta kikateleza polepole, na mti mmoja juu yake ukiwa bado umesimama wima. Sote tukakimbia. Mzee Kioko akateleza akaanguka, matope ikamshika mguu mmoja. Mimi nilikuwa upande mwingine, sikuweza kumfikia. Mzee Salim, mtu wa kitambi, ndiye alirudi. Alimshika kwa kola ya koti na kumburuta kama gunia ya simiti.

Tukangoja ukuta uende.

Haukuenda. Ulibaki umeinama hivyo, umelika nusu, na maji ikaendelea kushuka upande wa spillway. Baadaye ile chai ya maziwa ikapungua, ikawa nyepesi. Hapo ndipo nilikaa kwa matope, nikainamisha kichwa. Watu walidhani naomba Mungu.

Hakuna mtu alikufa. Mahindi ilikufa, mbuzi kadhaa, na barabara.

Ningemaliza hapa ingekuwa story tamu. Lakini niliahidi ukweli.

Baada ya El Niño kulikuja ukame, na mnajua ulivyokuwa. Dam yetu, kwa sababu tulishusha spillway, haikujaa tena. Ikawa matope, halafu nyufa, halafu vumbi. Mwende alikuwa mke wangu sasa, na mama yake, mwanamke wa umri ule, alikuwa anatembea mbali sana kutafuta maji, anapanga foleni na punda za watu.

Kukaitwa baraza. Mama mmoja, mtoto wake mgongoni amekonda kwa kuhara, alisimama akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye alimwaga maji yetu. Alitwambia ukuta unaanguka. Uko wapi? Si ule pale umesimama?" Akakaa, halafu akasimama tena. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Watu wakapiga makofi. Chifu msaidizi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilianza kujiuliza kila siku kama kweli ule ukuta ungeenda. Woga wa dam ulikuwa umeisha, nikapata huu mwingine wa kuona yule mtoto.

Na hapa ndipo nilielewa tofauti ya serikali kwa roho, sio kwa kichwa. Kule South, uamuzi wa kumwaga maji ya watu haungekuwa wa mkwe aliyevaa gumboot. Ungekuwa na sahihi ya engineer, na ofisi nyuma yake, na mtu wa kuulizwa maji mpya itatoka wapi. Kwetu woga wote, na lawama yote, iliachiwa mtu yule aliyetokea kuona.

Katika ule ukame kulikuwa na mpango wa chakula kwa kazi. Watu wakapewa kuchimbua matope ya dam ili ikija mvua ishike zaidi. Wakaamua pia wang'oe ile bomba ya chuma iliyozeeka ndani ya ukuta. Nilikuwa hapo, nachimba kama wengine.

Tulipofika kwa bomba, ilikuwa imeoza kama biskuti. Na kando yake, ndani ya ukuta, kulikuwa na shimo. Shimo laini, limesuguliwa na maji, linaenda ndani gizani.

Mzee Kioko aliomba tochi. Akavua koti, akalala kwa tumbo, akaingia. Kichwa, mabega, kiuno, mpaka tukaona soli za viatu tu. Mtu mrefu vile. Alikaa huko ndani muda mrefu.

Alipotoka, alikuwa mwekundu wa udongo nywele mpaka kope. Alisema kwa Kikamba, na mimi nawatafsiria: "Shimo limebakisha upana wa mkono tu litokee ng'ambo, upande wa maji."

Halafu akaangalia chini, kwa mapaa ya nyumba, yake ikiwa ya kwanza.

Yule mama wa baraza alikuwa amesimama karibu. Mtoto wake alikuwa amepona, anatembea. Alimvuta kutoka ukingoni, akamshika na mikono miwili. Hakuniomba msamaha na mimi sikutaka. Sikufurahi hata kidogo, wakuu. Nilikumbuka wanaume wote waliokuwa wamesimama juu ya hilo shimo siku ile, nikaanza kuwahesabu kwa majina.

Hiyo dam ilijengwa upya baadaye, kwa msaada wa kanisa na wanachama. Spillway ni ya saruji na hakuna anayepanda kitu. Mzee Kioko alihamisha boma yake juu, karibu na kanisa. Sheria mpya ya maji ilipitishwa 2002, na kanuni zilizofuata sasa zinataja madaraja ya dam na ukaguzi. Kwa karatasi tumesogea. Lakini kagua mwenyewe ni nani amekuja kwenu.

EDIT: Mdau mmoja ameuliza kwa nini sikuenda kwa magazeti. Ndugu, nilienda. Waliniuliza wangapi wamekufa. Nikasema hakuna. Wakasema nirudi wakipatikana.

Mwingine ameuliza mbuzi ya nthoni. Nilitoa. Mama mkwe aliila na kuniambia nikiona maji nyekundu tena niingie bila kubisha.

Somo langu ni dogo. Kila nchi yenye sheria kali ya dam, ukichimba utapata makaburi chini ya hiyo sheria. Sisi tulikaribia sana kuandika yetu hivyo hivyo. Kwa hivyo yule anayesema serikali haina haki ya kuingilia dam ya mtu, aende asimame chini yake mvua ikinyesha, halafu arudi tubishane.

Wale mnaoishi chini ya silanga, bwawa, hata ile tangi ya udongo ya tajiri wa jirani, mkoa wowote, hata ng'ambo: nani ana jukumu ya kuja kuikagua kwenu? Unamjua jina? Na kama hujui, utapeleka watoto upande gani?

Nasubiri majibu yenu, hata ya kunipinga.